Vijidudu vinavyokula sumu ya dhahabu: kipi kinavunjwa, kipi kinafukiwa

Idi iliyopita mpwa wangu alirudi nyumbani kutoka Geita, anakofanya kazi ya kuendesha mitambo, na kama kawaida barazani wakamgeuza msemaji wa migodi yote ya Bara. Safari hii kilichozua mjadala kilikuwa kijivideo cha WhatsApp. Mtu kavaa koti jeupe, anamimina kitu cheusi, kizito kama asali, ndani ya bwawa la mgodi uliofungwa. Sauti inasema vijidudu vitaila sumu yote ya dhahabu na maji yatanyweka. Mzee mmoja akaguna: "Sumu haifi. Ifukie miaka mia, ukija kuifukua iko vilevile." Kijana wa upande wa pili akasema kama vijidudu hivyo vipo kweli, basi viletwe Kibele vitumalizie jaa letu. Mpwa wangu akanigeukia: "Mjomba, wewe ndiye uliyesoma kemia. Hebu sema."

Kikombe kimoja cha kahawa hakikutosha. Na nilipokuwa nakwenda zangu nyumbani nikagundua kwamba wote watatu, mzee, kijana na hiyo video, walikosea kwa sababu moja: neno "sumu" wamelifanya kapu, wakatia ndani vitu ambavyo havifanani hata kidogo.

Tuanze na taka zenyewe. Katika migodi mikubwa ya siku hizi usitarajie kuona jiwe linalong'aa. Tani nzima ya mawe huweza kutoa gramu chache tu za dhahabu, pengine uzito wa pete moja kwa sonara. Kuipata, mawe husagwa yakawa unga, yakatiwa maji, chokaa na kiasi kidogo cha sianidi, ambayo wachimbaji wenyewe huiita "sainaidi". Sianidi huiyeyusha dhahabu kama chai inavyoyeyusha sukari. Uji ule kisha hukutanishwa na makaa maalumu yanayoinasa dhahabu, na hapa Mzanzibari ana haki ya kutabasamu, maana makaa yanayosifiwa zaidi kwa kazi hii hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Dhahabu ikishanaswa, kinachobaki ni tope. Kwenye mgodi mkubwa huingizwa katika bwawa linaloitwa bwawa la topesumu. Wachimbaji wadogo huliita tope lao marudio. Kuna na njia nyingine: mawe yaliyovunjwavunjwa hurundikwa kilima juu ya plastiki nzito, yakanyunyiziwa maji ya sianidi kutoka juu, na yale yanayochuruzika chini ndiyo yenye dhahabu. Siku mgodi unapofungwa, kilima kinabaki kimelowa ndani kwa ndani.

Ndani ya tope hilo mna sianidi na jamaa zake. Mna mabaki ya nitrojini, mengine kutoka kwenye sianidi, mengine kutoka kwenye baruti ya kulipulia miamba. Mna metali: shaba, zinki, aseniki, na penye wachimbaji wadogo, zebaki. Tena mna mawe yenye salfa, ambayo yenyewe si sumu mpaka yapigwe na hewa na maji. Kila moja ina tabia yake, na kijidudu kinachoimudu moja hakina habari na nyingine.

Sianidi inatisha, na ina haki ya kutisha. Lakini ukiifungua ndani ni kitu kidogo: chembe moja ya kaboni imeshikana na chembe moja ya nitrojini, basi. Sisi visiwani tunaishi nayo jikoni. Muhogo mchungu una mada inayozaa sianidi, na ndiyo maana watu wa zamani waliuloweka, wakauvundika, wakauanika kabla ya kuula. Kisamvu nacho hakitwangwi kwa ajili ya kulainika tu. Kutwanga huvunja jani, sianidi ikatoka, na moto ukaimalizia kwa mvuke. Palipokosekana subira ya kuuandaa muhogo, watu waliumia. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilayani Tarime watu walipooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo kwa sababu ya kula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha. Ni Tarime ileile ambayo leo inajulikana kwa mgodi wa North Mara, lakini mwaka huo mgodi mkubwa haukuwapo. Sianidi ilitoka shambani.

Kwa hiyo mzee wa barazani, kwa upande wa sianidi, alikosea. Sianidi inakufa. Juani na penye hewa hupungua yenyewe siku hadi siku. Shida ni pale inapokuwa ndani ya kilima cha mawe lisikofika jua, au inapokuwa nyingi na ikatoroka kwa mkupuo. Tarehe 30 Januari 2000 bwawa la mgodi wa dhahabu huko Baia Mare, Romania, lilipasuka, na mita za ujazo zipatazo 100,000 za maji yenye sianidi zikaingia mtoni, zikapita Hungary mpaka mto Danube. Samaki walikufa kwa tani nyingi. Sumu yenyewe ilipita na maji, lakini ilipopita ilikuwa imeshamaliza kazi.

Sasa vijidudu. Ukikumbuka kwamba sianidi ni kaboni na nitrojini, jambo halina muujiza tena. Kaboni na nitrojini ni chakula. Wapo bakteria, hasa wa jamii ya Pseudomonas wanaoishi udongoni na majini kila mahali, ambao wanaweza kuikata sianidi vipande viwili na kuvila. Wanaacha kitu jamaa wa magadi na, upande wa pili, amonia.

Mfano unaotajwa kila mara ni mgodi wa Homestake, mjini Lead, jimbo la South Dakota, Marekani. Ulichimbwa tangu miaka ya 1870 ukafungwa mwaka 2002, na kwa miongo mingi kijito cha Whitewood chini yake hakikuwa na samaki. Mwaka 1984 wakaanzisha kituo cha kusafishia maji kwa vijidudu: magurudumu makubwa 48 ya plastiki yakizunguka polepole, sehemu ndani ya maji, sehemu hewani. Juu ya plastiki hiyo uliota utelezi, kama ule unaotuangusha kwenye mawe ya pwani maji yakitoka. Utelezi huo ndio kiwanda. Likizama majini gurudumu linajipatia chakula, likipanda linavuta pumzi. Magurudumu ya mwanzo yalikuwa na bakteria wa kula sianidi. Ya mwisho yalikuwa na bakteria wengine wa kuigeuza ile amonia. Samaki walirudi kwenye kijito.

Nimeulizwa barazani kama vijidudu hivyo vikitoroka havitatugeukia sisi. Hofu hiyo naielewa, hasa video inapomwonesha mtu kavaa kama anatoka kwenye filamu. Lakini bakteria wa Homestake walitolewa kwenye maji ya mgodi huohuo. Walikuwa wameshazoea sianidi kidogo, wakazidishiwa hatua kwa hatua kama mtu anavyomzoeza mtoto pilipili, na wakatiliwa fosfeti kwa sababu ndicho chakula ambacho sianidi haina. Chakula kikiisha, hufa au hulala. Hakuna aliyewaumba.

Hapo kwenye amonia ndipo video nyingi hukata hadithi mapema. Amonia ndiyo ile harufu inayokuchoma pua kwenye choo cha skuli ambacho hakijapata maji wiki nzima, na samaki hawaipendi kabisa. Bakteria wa pili wakipata hewa huigeuza nitreti. Nitreti haiui samaki kwa wepesi huo, lakini ikiingia kisimani ni hatari kwa mtoto mchanga anayechanganyiwa maziwa kwa maji hayo. Kwa hiyo inahitajika zamu ya tatu, na zamu hii hufanyika kinyume: hewa inafungwa. Bakteria wakikosa oksijeni huanza kupumua nitreti badala yake, na mwisho wa kazi hutoa gesi ya nitrojini, ileile ambayo ni karibu sehemu nne kwa tano za hewa tunayovuta. Hapo sasa sumu imekwisha kweli, imerudi angani.

Ila zamu hii ya tatu ina njaa. Inataka sukari, spiriti au kitu cha namna hiyo. Na hicho ndicho kilichokuwa kinamiminwa kwenye video: si dawa ya ajabu, ni molasi, yale masalio meusi ya kutengeneza sukari ambayo hata kiwandani kwetu Mahonda wanayajua. Video ilituonesha chakula ikakiita dawa.

Jambo hili limefanyika kweli. Mgodi wa dhahabu wa Gilt Edge, South Dakota hukohuko, uliachwa na mwenyewe aliyefilisika mwaka 1999, serikali ikabaki na mashimo yenye maji makali ya asidi. Mwaka 2001 shimo moja, Anchor Hill, lilitiwa chokaa kwanza kupunguza ukali, kisha molasi na methanoli, na bakteria wakaachiwa kazi palepale shimoni badala ya kujengewa kiwanda. Zingatieni mpangilio huo: chokaa kwanza. Hakuna mpishi anayetia hamira kwenye maji yanayochemka.

Hilo la hamira nililijua kwa gharama yangu. Karo la nyumbani lilianza kutoa harufu, nami kwa ujuaji nikamimina madumu mawili ya klorini nikidhani naliua tatizo. Niliua wafanyakazi. Wiki mbili baadaye karo lilijaa kuliko mwanzo, na mwenye gari la kunyonya alipokuja alinicheka mbele ya wanangu. Vijidudu vya mgodini navyo ni hivyohivyo. Sianidi ikizidi wanachokimudu, vinakufa. Maji yakiwa makali mno, yakiwa na chumvi nyingi mno au yakiwa baridi mno, vinazorota. Kiwanda cha kemikali unakiwasha kwa swichi, vijidudu huvibembeleza. Ndiyo maana njia hii huwafaa zaidi wanaofunga mgodi kuliko wanaochimba: anayefunga ana muda, maji yake hayabadiliki kila siku, na anatafuta njia ambayo haitahitaji umeme na walinzi miaka yote.

Mpaka hapa nimezungumzia vitu vinavyovunjika. Sasa metali, ambako mzee wetu alikuwa na haki yake.

Shaba haivunjiki. Aseniki haivunjiki. Hakuna kijidudu duniani kinachoweza kuigeuza shaba ikawa kitu kingine, kwa sababu shaba haina vipande vya kukatwa kama sianidi; yenyewe ndiyo kipande cha mwisho. Ambacho kijidudu kinaweza kufanya ni kuibadilisha mavazi: kuitoa majini ikawa punje, ikatua chini. Ili uone inavyofanyika, huna haja ya kupanda ndege kwenda South Dakota. Nenda Bwejuu, pwani ya Unguja.

Shangazi yangu wa Bwejuu amefukia makumbi maisha yake yote. Makumbi ya nazi hutiwa kwenye shimo la pwani pale maji yanapojaa na kupwa, yakafunikwa mchanga na mawe, yakaachwa miezi kadhaa yaoze mpaka nyuzi ziachane na nyama yake. Siku ya kufukua, mtaa mzima unajua. Ni harufu ya yai viza, na tope linalotoka ni jeusi kama masizi, ilhali mchanga wa pembeni ni mweupe. Nilipokuwa mtoto nilidhani ni uchafu wa makumbi. Kumbe makumbi ni kahawia. Weusi unatoka kwengine.

Chini ya mchanga ule hewa imekwisha. Bakteria wa huko hupumua salfeti, ambayo maji ya bahari yamejaa tele, huku wakila makumbi. Wanachotoa ni gesi yenye harufu ya yai viza, na gesi hiyo ikikutana na chuma kilichoyeyuka majini hushikana nacho papo hapo ikawa punje nyeusi. Basi weusi ule ni chuma kilichofungwa. Maji ya mgodi nayo yana salfeti nyingi, na badala ya chuma peke yake yana shaba, zinki na kadhalika. Watu wa migodi huchimba shimo, wakalijaza vumbi la mbao, samadi au majani makavu, wakaliziba hewa na kupitisha maji taratibu. Bakteria walewale wa makumbi hutoa gesi ileile, na metali hushikwa moja baada ya nyingine. Maji yanatoka upande wa pili yamepungukiwa metali. Metali hazikwenda popote. Zimo ndani ya tope la shimo.

Bakteria hao wana ila moja ambayo wauzaji wa mitambo hawaitangazi. Palipo na zebaki, bakteria hawa wa penye giza na tope ndio wanaoweza kuigeuza ikawa zebaki ya kikaboni, ile inayopanda kutoka kwenye tope kwenda kwa mdudu, kwa samaki mdogo, kwa samaki mkubwa, mpaka kwenye sahani. Ni sumu ya aina hiyo iliyowapata watu wa Minamata, Japani, ugonjwa wao ulipogunduliwa mwaka 1956, ingawa kule ilitoka kiwandani ikiwa tayari imeshageuzwa. Mwaka 2020 Tanzania iliridhia mkataba wa kimataifa wa zebaki uliopewa jina la mji huo. Sianidi na zebaki watu huzichanganya kila siku, hata magazetini. Zebaki hutumiwa na wachimbaji wadogo kunasia dhahabu, na ni metali: haifi. Marudio yenye zebaki yakipelekwa tena kwenye sianidi ili kukamua dhahabu iliyobaki, zebaki nayo huyeyuka, na sasa una matatizo mawili yaliyooana. Mtu akikuambia ataweka vijidudu kwenye marudio ya namna hiyo, muulize kwanza zebaki imekwenda wapi.

Halafu kuna wale vijidudu wa upande wa adui. Jiwe lenye salfa likipasuliwa na kuachwa kwenye hewa na mvua huanza kutoa asidi, na bakteria wengine, wanaoishi kwa kula chuma na salfa, huiharakisha kazi hiyo mara nyingi sana. Hawa hawahitaji kualikwa. Kwenye migodi ya dhahabu ya Witwatersrand, Afrika Kusini, pampu zilizimwa baada ya migodi kufungwa, maji yakapanda kimyakimya chini ya ardhi, na mwaka 2002 yakatokeza juu karibu na Krugersdorp yakiwa ya asidi na metali. Kufunga geti la mgodi hakukuwasimamisha wale bakteria hata dakika moja. Hapo ndipo mtu anapotamani mwamba wa kwetu: Unguja na Pemba zina mawe tele ya chokaa, na chokaa ndiyo inayomeza asidi. Ila sisi hatuna dhahabu.

Kuhusu Kibele, kijana wetu aliuliza kwa mzaha, nami nitajibu kwa kifupi. Maganda ya ndizi, vijidudu vimeshaanza kuyala bila kuombwa. Mifuko ya plastiki na betri za tochi havitavigusa.

Na maji kunyweka? Hapana. Kanuni ya Kimataifa ya Usimamizi wa Sianidi, iliyoandikwa baada ya maafa ya Baia Mare, inataka bwawa la wazi lisizidi miligramu 50 kwa lita, na lengo lake ni ndege wanaotua pale wasife. Kiwango cha Marekani cha maji ya kunywa ni miligramu 0.2. Vipimo hivyo viwili havipimi sianidi ya namna moja hasa, lakini umbali baina yake unajisemea. Mgodi unaweza kutangaza kwa haki kabisa kwamba umetimiza kanuni, na maji yake yakawa si ya kutia mdomoni.

Mpwa wangu aliniuliza kwa nini sisi wa visiwani tujisumbue. Yeye mwenyewe ni jibu, na vijana wangapi wa mitaa yetu wako Geita na Kahama. Migodi mikubwa ya kwanza ya Bara imeanza kufikia mwisho wake. Golden Pride wa Nzega, ulioanza mwaka 1998 ukiwa wa kwanza wa enzi hii, ulishafungwa. Buzwagi wa Kahama ulimaliza kazi mwaka 2021 na eneo lake likapangiwa viwanda. Maneno ya kufunga migodi yatazidi kusikika, na video zitazidi kuja.

Siku ya pili ya Idi nilimchukua mpwa wangu tukaenda kumpa shangazi mkono, tukamkuta pwani na wenzake wanafukua. Nikamwonesha lile tope jeusi, akaliinamia, akaziba pua, akacheka kwamba bwawa la kazini kwake halinuki hivi. Tulikaa pale mpaka alasiri. Tope lililorundikwa kando ya shimo, asubuhi likiwa jeusi, lilikuwa limeanza kugeuka rangi ya kutu upande wa juu, pale hewa ilipolifikia. Ndani ya shimo, chini ya maji, lilikuwa bado jeusi.